Mpangaji Asiye na Kivuli

Siku hizi kila nyumba sharti ipangishe jini mmoja, ndiyo sheria. Jini wa Bi Mwanakheri, mjane mcha Mungu, alikonda hata hakuwa na kivuli, maana chakula kilichosomewa Bismillahi hawezi kukigusa.

"Wenzio wananenepa huko kwa majirani," alimsimanga, akimega wali. "Wewe umebaki uzi wa buibui. Jini gani wewe, hata paka hakuogopi!"

"Kweli, Mama."

"Babu zako walimeza meli nzima, wewe unamezea mate sahani ya mjane!"

Akaangua kicheko, akatia tonge mdomoni.

"Ahsante, Mama," jini akasema.

Bi Mwanakheri akatafuna. Mdomoni hamkuwa na kitu. Alipoikumbuka Bismillahi, sahani ilikwisha kuwa nyeupe. Ukutani vivuli vilikuwa viwili, na kile chembamba kilikuwa chake.