Upepo Kwenye Breki

"Kanyaga!"

Bibi akakanyaga.

"Shikilia hapo hapo. Ukiachia kabla sijafunga nati, upepo unarudi wote!"

Pedeli ikazama taratibu chini ya mguu wake, na mafuta ya breki yakatiririka kwenye kopo kule gurudumuni. Spana ikagonga chuma. "Haya, achia!" Mzee akatoka uvunguni, akajipangusa mikono, akaingia garini kujaribu mwenyewe. Pedeli ikaenda mpaka chini, laini kama sifongo.

"Upepo bado umo," akasema. Hiyo ilikuwa mara ya sita.

Alikuwa fundi magari kwa miaka arobaini, na nusu ya mafundi wa mtaa ule walipita mikononi mwake. Breki za gari lake hakumpa mtu. Alizitoa upepo mwenyewe hapo uani, yeye kwenye gurudumu, mkewe kwenye pedeli, na alizoea kujisifu kwamba mguu wa mke wake ni kifaa ambacho hakijawahi kumwangusha.

"Mzee wangu, leo mjukuu si apande basi tu?"

"Apande basi na gari la babu yake lipo? Saa nne nampeleka kwa mama yake. Nimeshamwahidi."

Kubishana na mzee huyu ni kumpigia mbuzi gitaa.

Wiki iliyopita, walipokuwa wakirudi nyumbani, gari lilipitiliza likagonga nguzo ya geti, hatua mbili tu kutoka pale aliposimama mjukuu. "Breki zilinikatalia!" mzee aliwaapia majirani mpaka mate yakamkauka. Ndiyo maana leo alitaka mafuta yote ya zamani yatoke, yaingie mapya. Akaipapasa chupa, akamimina. Mengine yaliingia yalikotakiwa, mengine yakamwagikia injini. Bibi akashuka, akachukua kitambaa, akafuta.

"Sijui nakosea wapi," mzee akasema. "Breki zinishinde mimi? Au ndio uzee huu, mama watoto?"

Bibi alimhurumia. Jibu alikuwa nalo, wiki nzima analo, lakini kila alipofungua mdomo alimwona mume wake alivyo na fahari yake, akaishiwa nguvu.

"Tujaribu tena," akasema, akapanda kwenye kiti.

Mzee akarudi uvunguni, magoti yakilalamika. "Kanyaga! Shikilia!"

Bibi akahisi nati imelegea na pedeli inazama. Kisha, kama alivyofanya kwenye kila gurudumu tangu asubuhi, akainua mguu kabla mzee hajafunga. Siku ile ya nguzo alikuwa amekaa kando yake: mzee hakumwona mtoto, wala mguu wake haukugusa breki.