Mpwa Mwenye Mjomba

Zamani, kazi zilipokuwa bado zinatangazwa, Ngedere mwenye kuringia mkia wake alitafuta fundi wa mipini ya mashoka. Nungunungu akafika na digrii.

"Una experience?"

"Nipe kazi, bosi, nitaipata."

"Kaa pembeni. Huyu mpwa wangu ana mjomba."

Mpwa akachonga mpini wa mti mbichi, akaupaka vanishi ukang'aa. Nungunungu akautafuna kidogo.

"Bosi, huu una maji. Ukikauka utasinyaa, shoka litachomoka."

"Wivu tu huo."

Wiki iliyofuata Ngedere akapasua kuni mbele ya wageni. Shoka likachomoka, likapaa, likashuka juu ya mkia wake. Mkia ukabaki chini.

"Nungunungu," akalia, "njoo, kazi ni yako."

"Bosi, una experience ya kuishi bila mkia?"

"Sina."

"Basi kaa pembeni, mjomba."