Chupa ya Masila

Munyiva alijifungia kwenye choo cha hospitali, akamwaga karibu mkojo wote wa mumewe Masila, kisha akachuchumaa kuijaza chupa kwa wake mwenyewe. Kwa haraka alijilowesha vidole. Matone machache ya Masila aliyabakisha makusudi ili rangi isimsaliti.

Jembe lilimkata Masila mguu shambani kwao Mwala, kidonda kikaoza, na sasa daktari alisema sumu imeingia kwenye damu. Hii ilikuwa siku ya tatu hamtambui mkewe.

Asubuhi hiyo muuguzi Swabra aliwagawia jamaa za wagonjwa chupa za mkojo wazipeleke maabara wenyewe, kama ilivyo kawaida pale.

"Mama, peleka hii haraka," alimwambia Munyiva. "Kuna alama kwa mkojo zinatuonyesha mgonjwa anaelekea wapi, hata kabla figo hazijakataa kufanya kazi. Tukijua mapema, tunajipanga."

Munyiva alijua kujipanga ni nini. Juzi mkojo wa Othman, mzee wa kitanda cha dirishani, ulionekana mbaya. Kabla ya saa sita alisukumwa nje kupitia mlango wa buluu, shuka zikatolewa, godoro likapanguswa kwa dawa.

"Wakionekana wabaya wanatolewa hapa," alinong'ona Kasyoka, aliyekuwa akimuuguza mamake kitanda cha jirani. "Na sijaona hata mmoja akirudi."

Basi Munyiva akaamua. Hawangemkatia tamaa Masila wake. Miaka thelathini na minane ameishi na mtu mbishi, anayekoroma, asiyejua hata kuchemsha chai, na huyo huyo ndiye aliyemtaka. Wakiona mkojo mzuri wataendelea kumpa dawa. Na figo zake Munyiva, mwanamke aliyezoea kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji, hazikuwa na neno.

Alikaza kifuniko, akapangusa chupa kwa leso, akaenda maabara. Kwenye foleni alimkuta Kasyoka ameshika ya mamake. Alitaka kumwambia, lakini aliogopa kwamba wakiwa wawili watakamatwa.

Saa saba mlango wa buluu ulifunguka. Wahudumu wawili walikuja moja kwa moja hadi kitanda cha mamake Kasyoka.

"Mwaitu! Mwaitu, usiniache!" Kasyoka alimlilia mamake kwa Kikamba, akikifuata kitanda mpaka mlango ukafungwa mbele yake.

Munyiva aliinamisha kichwa. Alimhurumia, na aliona haya kwa jinsi moyo wake ulivyotulia. Masila alipumua kwa shida, na mkojo kwenye mfuko chini ya kitanda haukuwa umeongezeka tangu alfajiri, lakini alikuwa bado yupo.

Swabra alirudi akitabasamu.

"Mama, shukuru Mungu. Mkojo wa mzee uko sawa kabisa, na vile tulikuwa na wasiwasi na yeye! Huyu Kasyoka naye analia nini? Nimemwambia huko ndiko kuna mashine za figo, hata Othman saa hii anakunywa uji. Ilikuwa imebaki mashine moja tu, na tulikuwa tumeiwekea mzee wako."