Kumi na Moja Nukta Tatu

Saa kumi na moja alfajiri mama alitoka uani miguu mitupu, akaifunika taa ya pikipiki kwa blanketi zito, kisha akafungua swichi. Mwanga ukapenya kidogo kwa chini. Akalikunja blanketi mara ya pili, mwanga ukapotea. Akarudi jikoni kubandika chai kama mtu asiye na lake jambo.

Betri ilikuwa ya siku nyingi. Saa moja ya taa iliitosha. Kabla mumewe hajaamka alifunga swichi, akalirudisha blanketi kabatini. Lilikuwa bado na joto la taa, na joto lile lilimchoma kuliko moto wa jikoni.

Saa moja kasorobo mumewe alibonyeza kitufe. Pikipiki ikasema "tik" moja tu, ikanyamaza. Kiki yake ya kuwashia kwa mguu ilikatika mwaka juzi.

"Leo tena?" aliuliza binti yao, muuguzi, mimba ya miezi saba imemtangulia mlangoni.

"Panda basi, mwanangu. Jioni nitakuwa nimeshajua inaumwa wapi."

"Mzee Volti mzima ameshindwa na betri? Mtaa ukisikia, umekwisha!"

"Hebu nenda kazini, mtoto wewe!"

Wakacheka wote wawili. Mama hakucheka. Mumewe alikuwa fundi umeme wa magari kwa miaka thelathini na minane, na jina la Mzee Volti alipewa na mtaa. Magari yaliyoshindikana kwingine yaliletwa kwake yakivutwa kwa kamba, yakaondoka yakinguruma. Leo mke wake mwenyewe anamfanya kichekesho.

Lakini angefanyaje? Wiki iliyopita mumewe alisimama uani akasema kwa uchangamfu, "Habari za asubuhi, jirani!" Aliyesalimiwa lilikuwa gauni la binti yao, limeanikwa kwenye kamba. Mama aliangua kicheko. Kisha akakumbuka binti anavyokaa nyuma ya pikipiki ile kila asubuhi, amemshika baba yake kiuno, tumbo katikati yao, malori yakiwapita. Kicheko kikamkauka mdomoni. Alipotaja daktari wa macho, mumewe aliondoka mezani chai haijafika nusu.

"Macho yangu hayana shida."

Siku mbili hakusema naye. Ndipo likaja wazo la blanketi.

Jumatatu ile mumewe aliichaji betri kwa umeme wa nyumbani mpaka mchana, akaiwasha pikipiki, akachutama na mita yake ndogo ya manjano. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Vidole vyake vilijua njia. Mama alikaa kwenye stuli na daftari mapajani, maana mumewe hakuwahi kukiamini kipimo kisichoandikwa.

Akaisogeza mita karibu na pua. "Andika. Kumi na mbili nukta moja, injini inanguruma. Ilitakiwa ikaribie kumi na nne. Haichaji hii. Itakuwa regyuleta."

Penseli ya mama ilisimama. Haichaji? Yeye aliwasha taa tu! Kumbe hila yake imekwenda ikala mpaka ndani.

Jumanne mumewe alisema labda ni koili. Jumatano akaichaji tena betri, akafuata waya mmoja mmoja, kiti kimeng'olewa, vifuniko vya ubavuni vimelazwa juu ya magazeti, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha sufuria. Jirani mwenye gereji akachungulia ukutani.

"Mzee Volti, nikuletee betri yangu ujaribishie? Dakika mbili tu."

"Pikipiki yangu haishikwi na mtu!"

"Haya, mzee, nimekimbia."

Mumewe akajinyoosha mgongo huku akiguna. Mama alimtazama akipapasa magazeti kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele ya goti lake, akainama kujifanya anachonga penseli.

Jioni walitazama taarifa ya habari. Mama alishika rimoti, ile aliyoipatia betri Jumapili baada ya kupekua sanduku la zana, akaongeza sauti. Hakusikia hata habari moja. Mtu aliyemlisha miaka yote kwa mikono ile, sasa amemfanya aitilie shaka. Akaamua. Hatagusa swichi tena. Kesho atasema yote, mbele ya binti, na liwalo na liwe.

Alhamisi blanketi halikutoka kabatini. Mama alikaa kwenye stuli mapema, maneno ameyapanga mdomoni.

Mumewe akatoka na mita mkononi. "Leo napima kwanza kabla ya kubonyeza." Akachutama, akagusisha waya, akaileta mita puani.

"Andika. Kumi na moja nukta tatu. Imekufa tena. Hakuna haja hata ya kubonyeza. Mwambie mtoto apande basi."

Akaiweka mita juu ya magazeti, akaenda bombani kunawa mikono.

Mama hakuandika. Aliinuka, akafungua swichi. Taa ikapiga ukutani, nyeupe pe. Akaifunga haraka.

Akaiokota mita. Kioo chake kilikuwa kitupu. Akabonyeza kitufe chake, akabonyeza tena. Akaigeuza, akasukuma kifuniko cha nyuma kwa ukucha. Mlikuwa na vitundu viwili vya betri, na ndani yake hamkuwa na kitu. Vilikuwa hivyo tangu Jumapili, alipozitoa betri zake mwenyewe kutia kwenye rimoti, akasahau.

Sebuleni, binti yao alikuwa akibadilisha stesheni.

"Umeandika?" mumewe aliuliza kutoka bombani.

Mama alikirudisha kifuniko, akailaza mita pale pale alipoikuta, akachukua daftari.

"Nimeandika, baba watoto. Kumi na moja nukta tatu. Kesho tupime tena."