Binti wa Wendel Kestler

"Mathes Kestler wa Oppenheim alimzaa Philipp. Philipp akafa mwaka wa ile baridi kuu, akamwacha Wendel bado ananyonya. Wendel akamwoa Margaretha Dörr, na..."

"Ngoja, ngoja!" Mke wa mwenye kinu cha maji alitua gunia chini. "Mimi nimekuuliza unamtafuta nani, wewe unanisomea kitabu cha Mwanzo."

Mgeni hakucheka. Si kwamba alinuna. Kicheko kilikuwa hakimjii tu.

Alianza na wafu kwa sababu walio hai walikuwa wanampoteza njia. Akina Kestler walijaa Pennsylvania yote, na tangu majani yaanze kuanguka alikuwa amekwisha kuelekezwa kwa wasio wake. Wa kwanza walimpa supu. Wa pili walimfungulia mbwa. Kwa hiyo sasa alitaja ukoo mzima, shina hadi tawi, ili anayesikiliza asikosee. Jina moja tu hakulitaja, lake mwenyewe, Ottilia. Hilo alikuwa analiweka akalitamke mlangoni kwa mama yake.

Ukoo huo aliukariri kila siku baada ya Baba Yetu, jikoni kwa Waingereza huko Chester, asije akausahau. Kijerumani, lugha ya kwao, kilikuwa kimeanza kuchechemea mdomoni mwake, lakini majina hayakuchechemea.

Merikebu ilipotia nanga Filadelfia, hakushuka mtu kabla nauli yake haijalipwa. Wanunuzi wa watumishi walipanda wakapita wakibinya mikono ya watu. Baba yake alimsogeza mbele akasema, "Huyu ana nguvu." Wazazi na kaka zake wawili wakashuka. Yeye akabaki, kigoli, awalipie wote kwa kazi mpaka awe mtu mzima.

"Mavuno ya kwanza tu," baba alimwambia, "nakuja kukukomboa."

Mavuno ni ya Mungu, na Mungu hapangiwi. Ottilia hakumhesabia baba yake neno hilo. Alifua, alikamua, alizika kuku waliokufa na mtoto mmoja wa bwana wake, na muda wake ulipokwisha akapewa nguo na viatu, akaondoka. Hakuwa anafuata urithi. Alitaka mahali mezani kabla theluji haijaanguka, basi.

"Wendel wa Margaretha," alisema mke wa mwenye kinu, akijikung'uta unga. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo? Yule mwenye ghala la mawe! Ng'ombe wake wamenenepa kuliko mchungaji wetu, na mchungaji wetu si haba." Akageuka ghafla. "Johannes! Toka kwenye unga, mbwa wewe!"

Mtoto mweupe kama mzuka alitokeza nyuma ya magunia, akakimbia.

"Johannes wangu wa tatu huyo. Wawili wa kwanza wamelala kule kanisani. Baba yake hataki jina la babu lipotee, kwa hiyo Mungu akimchukua mmoja, anayefuata analivaa. Nilimwambia mume wangu, huyu naye akienda, hilo jina tuligawie paka."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Haya, Kestler. Fuata kijito, pita kanisa, utaliona ghala."

Ottilia hakuondoka. "Wana watoto?"

"Vijana wawili, wakubwa kama maksai. Na binti."

"Binti huwa wanamtaja?"

"Kumtaja?" Mwanamke aliinua macho juu. "Yule Margaretha hata umwambie nyumba inaungua, atakujibu binti yangu hivi, binti yangu vile. Mungu anisamehe, tumechoka na huyo binti!"

Ottilia akashukuru, akashika njia. Kifuani kitu kidogo kilisogea, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na damu. Kumbe walimhesabu. Miaka yote hiyo, wakiulizwa, walisema tuna binti.

Ghala lilikuwa la mawe kweli. Uani mwanamke mwenye mvi alikuwa anatoa mikate kwenye tanuri kwa koleo la mti. Mgongo ulikuwa umepinda kidogo, lakini namna ya kupangusa jasho kwa kiwiko ilikuwa ile ile. Ottilia alisimama langoni. Alifungua mdomo aanze na Mathes wa Oppenheim.

Mwanamke aligeuka. Alimtazama viatu, akamtazama mikono. Kisha akamtazama uso, na hapo macho yakakaa. Mikate iliyobaki tanurini ilianza kunuka kuungua, naye hakujali.

"Ottilia!" aliita kwa nguvu, bila kuyaondoa macho yake usoni pale.

"Abee, mama," Ottilia aliitika.

Sauti mbili ziliitika pamoja. Kasichana ka miaka kama sita kalitoka mbio nyuma ya ghala, kakampita mgeni langoni, kakajificha kwenye aproni ya mama yake.

Margaretha aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Hakumwuliza mgeni ametoka wapi, wala anamtafuta nani.

"Karibu mkate, dada," alisema. "Na wewe, tukuite nani?"