Bafu Alilooshewa Mama

Hivi kweli mtu azuiwe kusugua bafu lake mwenyewe? Mjini kwetu ni marufuku. Bomba husoma ukoga wa sabuni na chumvi iliyoganda ukutani, ndipo lijue nani anaishi humo. Lakini mama yangu, Bi Mwanahawa, alipofariki jana, ningekubalije aoshewe kwenye uchafu ule? Nilisugua vigae kwa limau na siki hadi vikang'aa.

Bomba likafunga maji. "Nyumba hii haina mkazi," likasema.

"Na mimi je? Nimezaliwa humu!"

Nikampigia ofisa wa maji.

"Pole kwa msiba, dada," akanijibu. "Wewe oga tu. Ukoga ukikaukia ukutani, litakutambua."

"Nioge kwa maji gani, kaka? Kwa mate?"

Akakata simu.

Majirani wakaja na ndoo zao. Tukamwosha mama kwa sabuni na kafuri, povu likirukia vigae, na alasiri tukamsitiri.

Leo asubuhi nikasikia maji yanatiririka bafuni. Nikakimbilia huko na ndoo.

"Karibu, Bi Mwanahawa," bomba lilikuwa likisema kwa upole.

Nilipokinga mkono wangu, likafunga.