Ndoo ya Chini ya Sinki

Bomba lililopinda chini ya sinki lilipofunguka, jiko zima lilinuka kama panya aliyeoza. Mume wangu alikuwa amelala chali, kichwa ndani ya kabati, ndoo kifuani.

Kikadondoka ndooni kibonge cheusi, kinateleza kama konokono. Nilipokitazama, nikaona vijiti vya kuchokolea meno na vipande vya kucha, vimeshikanishwa na nywele za ndevu.

"Umeona mafuta yako ya kupikia?" alifoka. "Mama aliniambia mapema, huyu mwanamke hana usafi!"

"Baba watoto, hizo si kucha zako?"

"Usinibishie! Chukua ndoo ukamwage."

"Nimwage wapi?"

"Swali gani hilo? Si hapo sinkini, unapomwaga siku zote!"

Nikaichukua ndoo, nikaipandisha hadi ukingoni mwa sinki. Bomba lilikuwa sakafuni, tundu liko wazi. Nilichungulia, nikauona mdomo wake chini kabisa, bado unafoka.

"Hapa sinkini?" nikamuuliza tena, kwa adabu zote.

"Hapo hapo! Kwani huna masikio?"

Nikainamisha ndoo.